Kinyaa kwa Kireno cha mitaani: "que nojo", "eca", "credo" na wenzake (uzi)

Rovuma_Kusini (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Vitabu vya Kireno vinakufundisha kuagiza kahawa na kuuliza njia ya kwenda stesheni, lakini ukikuta mende kwenye sukari vinakuacha bubu. Uzi huu ni wa kinyaa tu: watu wanasema nini kinywani, Ureno, Brazili na hapo kwa jirani zetu Msumbiji, na mgeni anakosea wapi.

Neno mama ni nojo, yaani kinyaa. Ukilishika hili umepata robo tatu ya kazi. Kelele ya kawaida kabisa ni Que nojo! Brazili inasikika "ki nozhu", Ureno ile "que" inamezwa hadi kubaki "k'nozhu".

Hiyo "zh" ndiyo inayotushinda. Kiswahili hakina. Njia ya kuipata: tamka "s" kisha "z", utasikia koo limeanza kutetema. Sasa fanya vilevile kuanzia "sh" ya *shamba*: shikilia "shhh", halafu tetemesha koo bila kusogeza ulimi. Ndiyo hiyo. Usiseme "nojo" kwa j ya *jembe*. Mreno atadhani ni neno jingine. Wazee wetu walikutana na sauti hiyohiyo kwenye *igreja* (kanisa), wakaifanya z, tukabaki na *gereza*. Kwa hiyo ulimi ukigoma, "nozu" inasameheka kuliko "nojo". Herufi o ya mwisho ni "u" pande zote.

Miundo inayotumika kila siku:

Tenho nojo de baratas. Naona kinyaa na mende. (Tabia, siku zote.)
Estou com nojo. Nimeshikwa na kinyaa sasa hivi. Hii ni ya Brazili zaidi.
Isso me dá nojo (Brazili) / Isso dá-me nojo (Ureno). Hicho kinanitia kinyaa.
Mete nojo! Ureno. Kinatia kinyaa, kwa ukali kidogo.
A cozinha está um nojo. Jiko limechafuka hadi basi. Brazili utasikia pia tá uma nojeira.

Kitenzi hufuata kinachotia kinyaa, si wewe: *as baratas dão-me nojo*, kwa sababu mende ni wengi. Kosa hilo utalisikia hata kwa waliokaa na lugha miaka.

Karibuni.

Kamusi_Hai

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kosa moja linalochekesha watu kuliko yote: Estou nojento. Mgeni anafikiri amesema "nimeona kinyaa". Amesema "mimi mwenyewe natia kinyaa", yaani sijaoga. *Nojento* ni sifa ya kitu kinachosababisha, si ya mtu anayehisi. Kwa anayehisi kuna enojado / enojada, ila hilo lina uzito wa hotuba. Kwenye mazungumzo ya kawaida rudi kwenye *tenho nojo* au *estou com nojo*.

Halafu angalia herufi: enojado ni mwenye kinyaa, enjoado ni mwenye kichefuchefu. Ni o na j tu zilizobadilishana nafasi. Ndani ya basi kwenye kona nyingi, unachotaka kumwambia dereva ili asimame ni *estou enjoado*, mwanamke *enjoada*. Ukisema *estou enojado* atadhani umechukizwa na uendeshaji wake, na pengine ataongeza mwendo.

Ukoo wao ni mmoja, yote yanarudi kwenye Kilatini cha "kuwa katika chuki". Ndiyo maana *enjoar de* ni pia kukinai: enjoei de arroz, wali umenikinai. Hapo hakuna kutapika.

ulimi_mzito

Na "eca" je? Kwenye video za Wabrazili naisikia kila dakika. Inaandikwa kwa c yenye kimkia au bila?

Mkalimani_wa_Zamu

Bila kimkia, @ulimi_mzito. Eca! inatamkwa "ÉKA", e ya wazi, mdomo umepanuka. Ukiiwekea kimkia inakuwa "esa", neno jingine kabisa. Ni ya Brazili, na ina harufu ya utotoni: mtoto akiona bamia, mama akiona mtoto ameokota pipi chini. Mtu mzima akiitumia anatania kidogo. Ureno wanaielewa, ila ukiisema Lisboa unasikika kama umejifunzia kwenye tamthilia za Brazili. Wao watasema *que nojo*, au kelele tupu, *argh*, *bleargh*, ulimi nje.

Kwa mtoto mchanga anayepeleka mkono kwenye uchafu neno ni caca: Ureno *não mexas, é caca!*, Brazili *não mexe, é caca!* Tazama kitenzi, ni tofauti ya "usiguse" ya nchi mbili.

Kubwa kuliko eca kwa watu wazima wa Brazili ni Credo! na Cruz credo! Hapa kuna dini ndani. *Credo* ndilo neno la kwanza la Kanuni ya Imani kwa Kilatini, "Nasadiki". Mtu anaona kitu kibaya, anajikinga. Kwa hiyo si tafsiri ya "yaki" hata kidogo; kazi yake ni ileile ya Audhubillahi! ya Mswahili wa pwani. Na Deus me livre! ni "Mungu apishe mbali". Wareno wana Cruzes!, na ya vijijini Cruzes, canhoto! *Canhoto* ni mtu wa mkono wa kushoto, jina la kumkwepa Ibilisi asije akasikia anatajwa.

Kwa kuwa ni maneno ya kujikinga, yanabeba kinyaa, hofu na umbea kwa pamoja. Panya amekufa chini ya kabati: *credo!* Jirani kaoa mke wa kaka yake: *credo!* Ila *que nojo* kwa habari ya jirani ni hukumu nzito zaidi, umemwita mchafu wa roho.

Tahadhari ya ulimi: usichomeke irabu kati ya k na r. "Keredo" inapoteza nguvu yote. "KRÉ-du", pigo moja.

BintiPemba (ya Msumbiji, si ya Zanzibar)

Nianzie kwa jirani basi. Msumbiji shule na ofisi zinafuata Kireno cha Ureno, hivyo *mete nojo*, *dá-me nojo*, *casa de banho* ndiyo ya kwenda nayo. Choo kichafu: Que nojo de casa de banho! Brazili hiyohiyo ni Que nojo de banheiro!

Mitaani wanaanza na Xiii! (inasomwa "shiii", sauti ikishuka), kisha ndipo maneno. *Xiii* peke yake ni mshangao. Inageuka kinyaa kwa uso, pua imekunjwa. Na utasikia maningue mahali pa *muito*: *está maningue sujo*, ni kichafu mno. Sikio la Mswahili linasikia "mingi" pale na haliendi mbali na maana.

Kitu kingine, msonyo. Sisi tunasonya kwa dharau na kwa kinyaa pia. Brazili msonyo una jina, muxoxo ("mushoshu"), na neno lenyewe limetoka Kimbundu cha Angola. *Fazer muxoxo*. Lakini kule ni wa kuudhika na kubeza. Ukisonya mbele ya chakula wanaelewa "huyu ananidharau", hawaelewi "huyu ameona unywele".

Rovuma_Kusini

Dada hapo kwa chakula ndipo penye moto. Ongeza kidogo.

BintiPemba

Sawa kaka. Kanuni ni moja: mbele ya aliyepika, neno *nojo* halitoki mdomoni. Hata *que esquisito* ("cha ajabu hiki") ni hatari. Unayo haya:

Não aprecio muito (Ureno), sipendelei sana.
Não é minha praia (Brazili), "si ufukwe wangu", yaani hayo si yangu mimi.
Não me cai bem, hakikai vizuri tumboni. Hii inafunga mjadala, maana hakuna anayebishana na tumbo la mgeni.
Estou satisfeito, obrigado. Mwanamke satisfeita, obrigada. Jinsia ni ya anayesema, si ya anayeambiwa.

Kwa Mwislamu, au yeyote mwenye mwiko, uliza kabla sahani haijafika. Kitenzi ni levar, "kubeba": Isto leva porco? Kina nguruwe? Leva banha? Kina mafuta ya nguruwe? Leva sangue? Kina damu? Hilo la tatu watu hulisahau. *Arroz de cabidela* ya Ureno ni wali wa kuku uliopikwa na damu yake iliyotiwa siki, rangi ya kahawia nzito, na kwa macho unaweza kudhani ni mchuzi tu. *Morcela* ni soseji ya damu. *Buchada* ya kaskazini-mashariki mwa Brazili ni matumbo ya mbuzi yaliyoshonwa, na mara nyingi damu imo. Kukataa: Não como sangue, sou muçulmano / muçulmana. Hakuna atakayekasirika. Anayekasirisha ni yule aliyekwisha kukunja uso, fazer cara de nojo, kabla hajauliza.

Konokono, *caracóis*, wako mezani Lisboa miezi isiyo na herufi r kwa Kireno: maio, junho, julho, agosto. Sahani inakuja na bia. Ukishindwa, *passo, obrigado* inatosha.

fundi_lahaja

Na pale chakula chenyewe kimeharibika, si suala la mwiko? Mhudumu ukimwambia *que nojo* anajibu mapigo. Eleza hali ya kitu kwa está, si kwa é. *O peixe está nojento*, samaki huyu, leo, hafai. *O peixe é nojento*, samaki kwa jumla ni kitu cha kutia kinyaa, na umeutukana ukoo wa wavuvi wote.

Bora zaidi taja kasoro kwa jina lake:
maziwa yamechacha: o leite está azedo
mkate una kuvu: o pão tem bolor (Ureno), o pão está mofado (Brazili)
kimeoza: está podre
siagi au mafuta yamechacha: está rançoso
tarehe imepita: passou da validade
unywele kwenye supu: tem um cabelo na sopa

Kisha omba: Podia trocar, se faz favor? Ureno na Msumbiji. Dá pra trocar, por favor? Brazili. Sauti ya chini, sentensi mbili, umebadilishiwa. *Que nojo* mweke akiba kwa wenzako mkiwa nje.

Kamusi_Hai

@fundi_lahaja umegusa *rançoso*, basi nitoe mtoto wake wa mjini. Brazili siku hizi peguei ranço ni "nimemchukia tu, hata sauti yake siitaki". *Ranço* ni ule uchachu wa mafuta ya zamani. *Peguei ranço dele.* Kwa kitu ni peguei nojo de, Ureno ganhei nojo a. Angalieni kihusishi, *de* huku, *a* kule. Hivi vyote vinasema kinyaa kimeanza wakati fulani na kimebaki, kama mtu aliyekunywa dawa na maji ya machungwa na sasa machungwa hataki hata kuyaona.

ulimi_mzito

Harufu nani anajua? Kiswahili tuna shombo, kikwapa, uvundo, kila harufu na jina lake.

Mkalimani_wa_Zamu

Nao wamejaliwa, usiwadharau.

Kunuka kwa jumla: Cheira mal, ndiyo ya heshima. Fede! ni kavu. Que fedor! mkazo uko mwishoni, fe-DOR. Waswahili tunavuta mkazo nyuma kwa mazoea, tukasema "FÉ-dor", haieleweki. Ureno wana tresanda, ni kunuka hadi harufu inakutangulia. Sisi tuna *kunuka* na *kunukia*, wao *cheirar* hushika pande zote, ndiyo maana *mal* au *bem* lazima lifuate.

Miguu, viatu: chulé, nchi zote, "shu-LÉ". (Naam, inasikika kama shule. Yazoeeni.)
Kikwapa: Brazili cecê, kifupi cha *cheiro de corpo*. Ureno cheiro a suor, au bila adabu cheira a sovaco.
Kinywa: mau hálito, Brazili mitaani bafo.
Shombo: jimbo la Pará, Amazoni, wana neno linalolingana na letu kabisa, pitiú. Nje ya huko wengi watasema tu *cheiro de peixe*.
Unyevunyevu wa nyumba iliyofungwa: Ureno cheira a bafio, Brazili cheiro de mofo.

Mitego mitatu. Pivete Ureno ni uvundo. Brazili ni mtoto wa mitaani, kibaka mdogo. Mreno akiingia chumbani São Paulo na kusema *que pivete!* watu watatafuta pochi zao. Inhaca Brazili ni harufu mbaya, Msumbiji ni kisiwa kizuri mbele ya Maputo, kwa hiyo mtu akikwambia anaenda Inhaca usimwonee huruma. Na catinga: kamusi itasema ni harufu kali ya mwili, lakini Brazili neno hilo limetumika kuwatukana watu weusi. Msilichukue. *Cecê* inatosha.

Rovuma_Kusini

Hapo kwenye watu tukae kidogo, maana ndipo mgeni anapojichomea.

*Tenho nojo disso*, ya kitu hiki, ni hisia. *Tenho nojo de ti* (Ureno) au *Você me dá nojo* (Brazili) ni kukata uhusiano. Hakuna kutania katika hiyo, hata kwa rafiki, hata ukicheka. Kiswahili "unanitia kinyaa" unaweza kumtupia mdogo wako aliyekula kwa kuchafuka. Kule mtu ataondoka mezani.

Nojento! peke yake, mwanamke akimwambia mwanamume, mara nyingi ni kwa aliyemshika au kumtolea maneno ya uchafu. Wapita njia watageuka. Kwa mdogo wako sema porquinho, au que porco! Najua kwetu nguruwe ni tusi zito. Kwao *porco* ni mchafu wa mikono na nguo tu. Ila kwa mwanamke porca inabeba maana ya uasherati, iacheni.

Ureno wana pia badalhoco / badalhoca, mchafu asiyejali, na javardo, mchafu wa tabia, anayecheua mezani na kuona sifa. Brazili porcalhão. Escroto la Brazili ni la matusi, ni sehemu za siri, lisikieni, msiliseme.

Na *nojenta* ya Brazili ina maana ya pili, msichana wa kuringa. *Ela é toda nojenta* haimaanishi haogi.

fundi_lahaja

Ongezea upande wa pili wa hilo: Ureno até mete nojo hugeuka sifa yenye wivu. *Cozinha tão bem que até mete nojo*, anapika vizuri hadi inaudhi. Sauti inacheka, na *até* ndiyo inayobeba utani. Ukiitoa ukabaki na *mete nojo*, umetukana. 

Vya mwilini navyo, haraka, kwa wanaolea watoto: makamasi ranho, makamasi makavu Brazili meleca, Ureno macacos (nyani, ndiyo, *tirar macacos do nariz* ni kuchokonoa pua), tongo remela, ya mlenda gosmento Brazili, ya kunata peganhento Ureno. Roho kuchafuka: embrulha o estômago, tumbo linafungwa kama kifurushi, Ureno pia dá-me a volta ao estômago. Hamu ya kutapika Brazili ânsia de vômito, Ureno vontade de vomitar. Na kutapika kwenyewe kwa mzaha: Brazili chamar o Raul au o Hugo, Ureno chamar o Gregório. Kuita watu hao. Tamkeni majina hayo ya Brazili kwa koo, "Ha-UUU", "UUU-gu", mtajua kwa nini wao.

ulimi_mzito

Swali la mwisho upande wangu. Kwenye karatasi za kazi za Brazili kuna "licença nojo". Likizo ya kinyaa?

Kamusi_Hai

Likizo ya msiba. Zamani *nojo* ilikuwa huzuni na uchungu, na kwa aliyefiwa neno likabaki na maana hiyo, kinyaa kikachukua mitaa yote iliyobaki. Sheria ya kazi ya Brazili, CLT ya mwaka 1943, kifungu cha 473, inatoa siku 2 mfululizo kwa kufiwa na mume, mke, mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Ureno watu husema dias de nojo. Kwa mzazi ni siku 5.

Kwa hiyo mwenzako wa kazini akisema *estou de nojo*, usiangalie sakafu kutafuta mende. Sema os meus sentimentos, Ureno, au meus sentimentos, Brazili. *De nojo* ni msiba, *com nojo* ni kinyaa.